Mama Siwema Avuliwa Shikamoo

Iko nchi moja, jina lake nalimeza, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zile zilichorwa na watu wenye haraka. Si nchi yetu. Sisi huku mambo yetu yanakwenda vizuri, ahsante. Nasimulia ya huko ili wewe mama mwenzangu unayesoma, hasa wewe ambaye mvi zimeanza kuchungulia chini ya kilemba, uyatambue mambo haya siku yakibisha hodi kwako.

Nchi hiyo inapenda wazee kupita kiasi. Ukimsikia mwenye mvi wa kule anasema hapendwi, huyo ni mchochezi. Mtoto akimwona mtu mzima hata ng'ambo ya korongo husimama akapiga yowe la shikamoo, na asipoitikiwa haondoki, hata kama shuleni kengele imegongwa. Polisi wa kule humwamkia mzee kwanza ndipo amtie pingu. Hata tangazo la redio la kupanda bei ya unga huanza hivi: "Wazee wetu, shikamooni."

Basi mambo yote yalianzia kwenye biskuti.

Kulikuwa na kiwanda cha biskuti, na msimamizi wake alikuwa kijana aliyetoka juzi kunyoa ndevu za kwanza, mtoto wa mtu mkubwa. Akamwambia mama mmoja mtu mzima, "Toa trei hiyo kwenye tanuri." Yule mama akashika kiuno.

"Unanituma mimi? Mimi wa kumzaa mama yako? Na shikamoo hujanipa!"

Kijana akashikwa na aibu, akapiga goti, akaamkia. Mama akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za wadogo zake, za bibi yake anayeumwa miguu. Adabu ilipokwisha, biskuti zilikuwa makaa.

Serikali ililia. Haikumlilia mama wala kijana, ililia biskuti. Bunge likaitishwa mbio, ikapitishwa Sheria ya Kutowachosha Wazee, kwamba ni marufuku mtu kumtuma aliyemzidi umri. Sheria nzuri, mtu atasema, na mimi nasema nzuri. Ila wakubwa wa kazi wote wa nchi ile ni vijana, kwa kuwa kila mkubwa akistaafu humwachia mwanawe kiti kikiwa bado na joto. Na kazi ni nini kama si kutumwa? Kwa hiyo mwenye mvi hakuweza kutumwa, na asiyetumika hakuweza kuajiriwa. Hakufukuzwa mtu, jamani, tusizushe. Waliheshimiwa tu mpaka nje.

Ndivyo alivyoheshimiwa Kashinde, ambaye watu wote walimwita Mama Siwema kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda hichohicho, ana miaka hamsini na minne na mikono ya kugeuza sufuria la ugali peke yake. Siku yake ilipofika, wafanyakazi walipanga mstari wakamwamkia mmoja mmoja. Kila aliyeamkia alisogea mbele kidogo, na Mama Siwema kwa adabu ya kumpisha alirudi nyuma kidogo, huku akiitikia, marahaba mwanangu, marahaba baba, marahaba mama, mpaka sauti ikamkauka. Alipomwitikia wa mwisho akaona yuko barabarani na geti limefungwa. Lilifungwa taratibu. Halikugongeshwa.

Angevumilia. Tumbo la mtu mmoja halina kelele nyingi. Lakini Siwema akapiga simu kutoka alikoolewa, mbali, huko machimboni.

"Shikamoo mama. Mama, nina ujauzito."

"We! Usinitanie."

"Kweli mama. Mvua zikianza nakuja kujifungulia kwako."

"Na ukajifungulie wapi tena kama si kwangu? Njoo, mwanangu. Njoo."

Akakata simu akiwa anacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Kwa maana kule, mwanamke hujifungulia mtoto wa kwanza kwa mama yake mzazi, na mama huyo humtunza mwanawe siku arobaini. Humkanda kwa maji ya moto, humnywesha uji wenye pilipili manga, humpa supu ya kuku, mtori na samaki, mpaka damu irudi na maziwa yafunguke. Mwanamke asiyemtunza mzazi wake, yaani binti aliyejifungua, siku hizo arobaini hana uso wa kuwatazama wakwe. Mama Siwema akaingia jikoni. Sufuria zilikuwa zimelala kifudifudi kama watu waliopewa habari ya msiba. Kulikuwa na chumvi.

Akajifunga khanga, akatoka kutafuta kazi.

*

Ofisi ya Ajira ilikuwa na viti vya heshima, vyenye mito, na juu ya kila kiti mzee. Mama Siwema alipoingia, vijana wote wa ofisi walisimama kwa pamoja kama wamesikia wimbo wa taifa.

"Shikamoo mama! Karibu mama! Kaa hapa mama!"

Akaletewa maji. Akaletewa kigoda cha miguu. Hakuulizwa shida yake. Aliyekaa kiti cha jirani, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufumwa, akamwinamia.

"Wewe ni mgeni, unakunywa maji yote. Usiyamalize. Ukimaliza wanaleta mengine, na choo kiko mbali."

"Umekaa sana hapa, babu?"

"Mimi naitwa Chiduo. Nilikuwa fundi wa mitambo ya sukari. Nilipokuja hapa huu mto ulikuwa mpya." Akapiga mto wa kiti, vumbi likapaa. "Wananipenda mno. Nikinyanyuka wananikalisha."

Mama Siwema akanyanyuka kabla hajapendwa, akaenda moja kwa moja mezani kwa afisa. Afisa huyo aliitwa Gervas, kijana wa suti ya kubana, kiatu cha kuchongoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Natafuta kazi. Napika, nafua, nafagia, nabeba. Chochote."

Gervas akashika mashavu. "Mama! Nani amekukosea?"

"Hakuna. Nina mzazi anakuja, sina kitu ndani."

"Sikiliza mama yangu. Kazi ni kutumwa. Sasa nani wa kukutuma wewe? Mimi nikuambie 'wewe, lete sahani,' si mdomo utapinda? Umenizaa mama. Rudi ukae, nikuletee maji."

"Baba, maji yako hayawezi kupikwa yakawa uji."

"Nimekusikia mama. Nimekuelewa mama. Nakuheshimu sana mama."

Na kweli alimheshimu. Kila alipokwenda alimheshimu. Aliheshimiwa hotelini, aliheshimiwa kwenye shule za bweni, aliheshimiwa kwa Wahindi wa nguo na kwa wachoma mahindi. Alirudi nyumbani ameshiba heshima mpaka miguu imevimba.

*

Serikali ya kule ni sikivu. Ilisikia kuwa wazee wanaheshimika mpaka wanakonda, na Waziri wa Heshima na Ajira, Mheshimiwa Daktari Pambile Kusaga, akaitisha mkutano kiwanjani. Alifika amechelewa kidogo, kama inavyotakiwa na cheo chake. Akapangusa paji la uso kwa kitambaa, ingawa gari lake lilikuwa na baridi.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu haikulala. Ilikaa. Ikakaa tena. Ikaunda kamati, kamati ikaenda ng'ambo kujifunza, ikarudi na masanduku. Na leo nina furaha kubwa isiyo na kifani kuwatangazia matokeo ya utafiti huo: tatizo kubwa linalowakabili wazee wasio na kazi ni umri!"

Makofi. Mzee Chiduo, aliyebebwa pamoja na kiti chake cha heshima mpaka uwanjani, alimnong'oneza Mama Siwema, "Wangeniuliza mimi ningewaambia bila kupanda ndege."

"Umri ni mzigo," Waziri aliendelea, "na mzigo hutuliwa! Kuanzia leo, kila mzee anayetafuta kazi atapunguziwa umri, bure kabisa, kwa hisani ya serikali. Atarejeshwa ujanani! Ila, ndugu zangu, huwezi kuwa kijana na huku unaamkiwa. Mtu hawezi kupanda punda na farasi kwa wakati mmoja. Atakayepunguziwa umri, lazima kwanza avuliwe shikamoo, na asiye na shikamoo hutumwa na yeyote."

Hata wale wa kupiga makofi walitazamana.

Jukwaa likapangwa. Gervas akakaa kwenye kiti kikubwa, na wazee wakapita mbele yake. Kila aliyefika alitakiwa apige goti, amwamkie Gervas, naye Gervas aitikie; hapo karani anamgongea kadi ya umri mpya. Basi. Lilikuwa jambo dogo. Niliambiwa na aliyekuwepo kwamba mzee mmoja alitoka jukwaani akapita hapohapo mpaka kwenye kisima, na mkewe mpaka leo hataki kunywa maji ya kisima kile.

Mzee Chiduo ilipofika zamu yake aliinama, akasema, "Shi..." Akakohoa. "Shi..." Akakohoa tena.

"Maliza, kijana," akasema Gervas.

"Baba yako nilimfundisha kuendesha baiskeli," Chiduo akasema. "Alianguka akalia, nikambeba mgongoni. Hili neno haliwezi kupita, limekwama hapa." Akajishika koo. Wakamwandikia kwamba amejaribu, akapunguziwa umri nusu tu.

Mama Siwema hakukohoa. Alimfikiria mwanawe na mvua. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo," kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma.

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo."

Gervas akafurahi. "Huyu ndiye mfano! Ana miaka thelathini na minne kuanzia sasa. Na kijana hana 'mama' mbele ya jina. Utaitwa Kashinde."

Kwa hiyo na mimi kuanzia hapa nitamwita Kashinde. Nina watoto wa kulea, siwezi kushindana na sheria.

Aliporudi mtaani habari ilikuwa imemtangulia. Binti wa jirani, wa kumaliza shule juzi, alisimama mlangoni akacheka kidogo kwanza, maana haya ilimshika. Halafu akaizoea.

"Mambo, Kashinde?"

"Poa," akajibu Kashinde, kama alivyoagizwa.

"Hebu kaniletee sukari dukani. Na usicheze njiani."

Kashinde alikaza khanga kiunoni. Kisha akaenda kuleta sukari. Siku hizo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa machimboni.

*

Kadi peke yake haikutosha, kwa sababu kijana asiye na mafunzo haajiriwi. Serikali kwa ukarimu wake ikafungua Chuo cha Ujana. Walimu walikuwa vijana walioshindwa mitihani mingine, na mkuu wa chuo akateuliwa Gervas, kwa kuwa alishaonyesha uwezo wa kukalia kiti kikubwa.

Somo la kwanza lilikuwa la Kukimbia Ukiwa Unatembea, ili mwajiri asione magoti. Somo la pili lilikuwa la kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwepo, jamani, tusiseme haikuwepo, ila ilifungiwa kabatini na ufunguo ulikuwa kwa Waziri, naye Waziri alikuwa ng'ambo akijifunza. Kwa hiyo mwalimu aliichora ubaoni, nao wakawa wanakwenda mmoja mmoja kuigusa kwa kidole. Kashinde aliigusa vizuri sana. Alipewa alama zote, na kidole chake kilijaa chaki.

Somo kubwa kuliko yote liliitwa Kusahau. Gervas alilifundisha mwenyewe.

"Kinachowaponza ninyi ni uzoefu," aliwaambia. "Mtu akisema nimepika miaka thelathini, mwajiri anapiga hesabu, anajua huyu ni mzee. Kwa hiyo msahau. Kashinde! Umewahi kupika?"

"Sijawahi mwalimu. Ila niko tayari kujifunza."

"Safi! Ugali ni nini?"

"Nimesikia kwa watu tu, mwalimu."

"Mpigieni makofi! Wewe Chiduo, umewahi kuona mtambo wa sukari?"

Chiduo akasimama, akajivuta, akajaribu kusahau. Jasho lilimtoka. "Sijawahi..." akasema. "Sijawahi kuona mtambo mzuri kama ule wa enzi zetu."

Darasa likacheka mpaka likajisahau, na wakati wa kujisahau watu wakaanza kukumbuka. Mmoja akakumbuka magunia ya pamba, mwingine akakumbuka treni ilivyokuwa ikifika kwa saa yake. Gervas akagonga meza. Neno "enzi zetu" lilikuwa kosa kubwa chuoni hapo. Chiduo alirudishiwa umri wake wote mbele ya darasa, akapewa shikamoo ya lazima, akapelekwa kwenye kiti chake cha heshima kule ofisini.

"Kashinde," alisema alipokuwa anaondolewa, "wewe unafaulu sana. Angalia. Kufaulu nako kuna kupita kiasi."

"Ningefanyaje, baba? Siwema yuko njiani."

"Sijakulaumu. Nimesema angalia tu."

Kashinde aliendelea kusahau kwa bidii. Alisahau kupika, akasahau kufua, akasahau alivyompoteza mume. Jambo moja tu alikataa kulisahau. Kila jioni alipanga kwa vidole: maji ya kukanda, uji, supu, mtori. Halafu anaficha mkono chini ya dawati.

*

Siku ya mahafali Waziri alikuwa amerudi, na ufunguo alikuwa ameusahau ng'ambo. Alivaa joho lenye mkia mrefu lililoshikwa nyuma na makatibu wawili.

"Katika nchi nyingine," akasema, "mwanafunzi bora hupewa vikombe. Vikombe vinavunjika! Sisi tunampa kitu kisichovunjika. Kila somo alilofaulu tunampunguzia umri zaidi. Na yupo binti mmoja hapa amefaulu masomo yote bila kubakiza. Kashinde, simama uonekane! Ulikuwa na thelathini na minne. Leo hii, kwa mamlaka niliyopewa, una kumi na miwili!"

Uwanja ulitetemeka kwa vigelegele. Kashinde aligeuza macho huku na huku.

"Shikamoo mheshimiwa," akasema. "Kumi na miwili, huo si utoto?"

"Ndiyo raha yake! Maisha yote yako mbele yako!"

Keshoye asubuhi Kashinde alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Gervas. Hospitali kuu ilikuwa inatafuta mpishi, na tangazo lilisema wazi: awe amehitimu Chuo cha Ujana, awe hana uzoefu. Ilikuwa kama wameandika wakimtazama yeye. Gervas akaichukua kadi, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Lo. Mtoto, hii kazi ya moto."

"Nitaweza."

"Kumi na miwili? Unataka nifungwe? Sheria inakataza kumwajiri mtoto. Serikali yetu inapenda watoto kupita kiasi."

"Basi nirudishieni miaka kidogo. Hata michache."

"Haiwezekani."

"Mliitoa wenyewe!"

"Tuliitoa, na tukaigawa. Ulidhani tunaitupa? Miaka ni mali ya umma." Gervas akashusha sauti kwa huruma, maana hakuwa kijana mbaya, mama yake alimlea vizuri. "Kuna vijana wa viongozi wanataka ubunge, wanataka ukurugenzi, wanaambiwa hawajakomaa. Sasa hao watakomaa na nini? Yako ilikuwa mizuri, ina upishi, ina ulezi, ina uvumilivu. Imechukuliwa yote na binti wa Mheshimiwa Waziri, Bi Doreta."

"Na mimi?"

"Wewe nenda shule. Ukimaliza uje, tutakuwepo."

Alipokuwa anatoka alipita kwenye viti. Vijana wa ofisi walikuwa wamemzunguka Mzee Chiduo, wamekasirika kidogo.

"Tumemwamkia tangu asubuhi haitikii," mmoja akamwambia Gervas. "Shikamoo ya ofisi nzima! Siku hizi amekuwa na kiburi."

Kashinde akamgusa mzee mkono, ulikuwa baridi, akajua. Hakuambiwa na mtu, na hakumwambia mtu. Aliivuta kofia ya kufumwa ikamfunika macho, akatoka. Huko nyuma waliendelea kumwamkia mpaka saa ya kufunga ofisi, kwa kuwa sheria haisemi mtu akikaa kimya afanyiwe nini.

*

Siwema alifika siku mvua ilipoanza, tumbo limemtangulia, miguu imejaa maji. Alipomwona mama yake mlangoni aliweka mfuko chini.

"Shikamoo mama."

Kashinde akamziba mdomo. "Usiseme kwa nguvu. Mjumbe anapita. Mimi ndiye natakiwa kukuamkia."

"Mama, umeumwa?"

"Sijaumwa. Nimefaulu."

Akamweleza yote, huku akichemsha maji kwa kuni za uzio. Siwema alianza kucheka, akidhani ni hadithi ya kumchangamsha mjamzito. Alicheka mpaka alipofunua sufuria.

"Mama," akasema, "arobaini yangu tutaifanyaje?"

"Nitatafuta."

"Utatafuta wapi? Nani atakupa kazi wewe?"

"Siwema, mimi nimekuzaa. Nimekuambia nitatafuta."

Na alitafuta. Alipeleka maji kwa watu, akatumwa sukari na vitunguu na vocha, akaambiwa na watoto asicheze njiani, na watu wakampa ujira wa mtoto, yaani pipi. Kwa jirani mmoja tu alipata unga wa uwele kwa siri. Jirani huyo alimpitishia dirishani, akanong'ona, "Chukua, Mama Siwema," halafu akachungulia nje kama kuna aliyesikia.

Uchungu ulimshika Siwema mchana. Wakampeleka hospitali kuu kwa mkokoteni wa kuni, mvua ikiwanyeshea. Manesi wakampokea getini wakaingia naye, na geti likafungwa. Kashinde akarudi mbio nyumbani, akapika uji wa ule unga, akautia kwenye chupa ya chai ya kuazima, akarudi mbio. Somo la Kukimbia Ukiwa Unatembea lilimfaa siku hiyo, lazima tukipe chuo haki yake.

Mlinzi wa geti alikuwa rika la Siwema.

"Shikamoo," akasema Kashinde.

"Marahaba. Unataka nini, mtoto?"

"Nina mzazi humo ndani. Nimeletewa habari na mwenye mkokoteni kwamba amejifungua. Nampelekea uji."

"Watoto hawaingii wodini. Soma kibao."

"Ni mwanangu."

Mlinzi akaomba kadi. Akaisoma, akacheka mpaka akaegemea geti. "Una kumi na miwili. Mzazi ameandikwa ana thelathini. Sasa ulimzaa lini, kesho?"

"Baba, nakuomba. Anatakiwa anywe kitu cha moto. Maziwa hayatatoka."

"Usiwe na wasiwasi. Serikali imemwona. Mzazi asiye na mama anapewa Mama wa Zamu. Ni ajira mpya, wametangaza wiki iliyopita. Wanataka mtu mwenye uzoefu mrefu wa kupika na kulea."

Gari likafika likapiga honi. Mlinzi akaruka kufungua, akapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo Bi Doreta!"

"Marahaba," akasema msichana aliyeshuka. Alikuwa na kucha ndefu za rangi na joho la Wizara, na mwendo wake ulikuwa wa kuvuta mguu kidogo, maana miaka ya watu ni mizito. Akamwona Kashinde. "Na huyu mtoto wa nani analia getini?"

"Ameleta uji, Bi."

Bi Doreta akaichukua chupa kwa vidole viwili, akapita nayo. Kashinde akazunguka uzio akikimbia, mpaka palipokuwa na dirisha la wodi. Aliweza kuona kitanda cha tatu, na khanga anayoijua, na kitu kidogo kimefungwa kwenye khanga ile. Siwema alikuwa amegeuzia uso ukutani. Alikuwa anaita, si kwa nguvu, kama mtu anayeita akiwa usingizini.

"Mama. Mama we."

"Naam, mwanangu," akaitikia Bi Doreta pembeni ya kitanda, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Kashinde akashika nyaya za uzio kwa mikono yote miwili, akafungua kinywa.

"Shsh!" akasema mlinzi nyuma yake, akimshika bega. "Nyamaza. Wakubwa wanaongea."